Barua Zilizokufa Zamu ya Mzee Sayi

Siku ile mjinga alikuwa Marselino. Hana haja ya kusingiziwa. Husema mwenyewe, tena siku hizi husema kabla hujamuuliza, kama mtu anayewahi kujikuna kabla wenzake hawajamkuna kwa makucha. Asichopenda ni ukisema alikuwa mjinga wa siku moja. Hapo atakusahihisha: alikuwa mjinga wa wiki tatu mfululizo, mwenye kalamu na daftari, na kila siku aliandika tarehe.

Alikuwa mtaalamu wa maabara katika kituo kidogo cha utafiti pale Ifakara. Asubuhi alitoka Lipangalala na baiskeli yake isiyo na breki ya mbele, jioni alirudi nayo ikiwa haina ya nyuma. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi miaka sita kwenye zahanati moja ya mbali, ambako boksi moja la glavu lilitakiwa livuke masika yote na litoe salamu kwa kiangazi. Kule dunia ilimfunza mambo matatu. Glavu haitupwi mpaka ichanike. Spiriti ni mwokozi wa wote. Na kitu kikipotea, aliyekichukua ni yule mnayecheka naye kila asubuhi. Mafunzo yote matatu yalikuja kumponza, na yalimponza kwa pamoja, kama ndugu waliogombana wakapatanishwa kwa ajili yake.

Mwaka huo kituo kililetewa mzigo kutoka ng'ambo, boksi kubwa kama la televisheni, ndani barafu kavu inayofuka moshi, na katikati ya moshi vichupa kumi na vinane, kila kimoja si kikubwa kuliko kifundo cha kidole cha mwisho. Dokta Apolonia, mkuu wa maabara, aliwakusanya akawaeleza.

"Humu mna mRNA. Haikutoka kwenye kiumbe, imeundwa na watu. Ichukulieni kama barua. Seli za mwili huishi kwa kusoma barua za namna hii: barua ikiagiza protini fulani, seli inaitengeneza. Hii inaagiza protini inayomfanya kimulimuli awake. Tukiziingizia seli zetu barua hii na zikaisoma, kesho yake zitatoa mwanga, na mashine itaupima. Tukiona mwanga siku zote bila kukosa, ndipo tutaleta barua yetu kubwa, inayoagiza protini ya kijidudu cha malaria, tuitengeneze hapahapa badala ya kuiombaomba."

"Na hii kofia iliyoandikwa hapa kwenye karatasi?" aliuliza Dorika, ambaye kazi yake ilikuwa kuzilea zile seli, kuzilisha na kuzibadilishia maji kama vifaranga.

"Kila barua ina kofia mwanzoni. Seli ina walinzi wake. Barua isiyo na kofia inachanwa mlangoni. Tena baadhi ya herufi zake zimebadilishwa kidogo, walinzi wasije wakaidhania ni ya virusi wakapiga yowe."

Marselino alipewa kazi ya kuchanganya. Kila asubuhi kichupa kimoja: akitoe kwenye friza, akiyeyushe juu ya barafu, akichanganye na mafuta ya kuipitisha barua, kisha azipe seli. Kesho yake asome mwanga.

Jumatatu ya kwanza, hakuna mwanga. Wakasema ni ugeni. Kichupa cha Jumanne kiliwaka hata Dorika akapiga kigelegele. Cha Jumatano, giza. Alhamisi, mwanga. Ijumaa, giza kama ndani ya kinu.

Wiki ya pili ikaanza vilevile, Jumatatu giza, na Jumanne Marselino akaanza kunusa. Alichukua daftari lake akachora mistari. Siku za giza upande huu, siku za mwanga upande ule. Akatazama. Akakuna kichwa. Kisha akanyanyuka akaenda dirishani na kulitazama geti, na damu ikamsisimka.

Getini kulikuwa na walinzi wawili wa mchana, wakipokezana. Jumanne na Alhamisi alikaa Steven, kijana wa mjini mwenye miwani ya jua mvua ikinyesha. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikaa Mzee Sayi.

Mzee Sayi alikuwa Msukuma aliyeshuka bondeni na ng'ombe wake zamani kidogo, akapata eneo pembezoni huko Katindiuka, akajifunza kulima mpunga, na kwa miaka tisa alilinda geti lile bila kukosa zamu. Mtu wa taratibu. Masika ile umeme ulikuwa ukikatika kila kukicha, na jenereta likiwaka usiku, mlinzi wa asubuhi alitakiwa aandike saa zake na kupata saini ya maabara. Steven yeye aligonga kioo cha dirisha, akaonyesha daftari kwa mbali, "Oya bro, saa mbili na nusu, saini jioni," na Marselino akamnyooshea kidole gumba bila kunyanyuka. Mzee Sayi hakuwa na mambo ya jioni. Alizunguka mpaka mlangoni, akavua kofia, akasimama kizingitini bila kuvuka hata kwa unyayo, akasubiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka."

"Mwangaluka, mzee," angeitikia Marselino kwa Kisukuma chake cha neno moja. Akavua glavu ya mkono wa kulia, maana kumpa mtu mzima mkono uliovaa mpira ni sawa na kumpa mguu, akampa mkono. Mkono ukashikwa, ukashikiliwa. Za nyumbani. Za mpunga. Mama hajambo? Ng'ombe wa mzee wamemaliza kula mashamba yetu, au bado wanatafuna la mwisho? Bado, mwanangu, wanakuulizia la kwako liko wapi. Wakacheka. Marselino akatia saini kwa kalamu ya mzee, mzee akaipuliza saini ikauke ingawa ilikuwa ya kalamu ya kawaida, akaondoka. Marselino akaivaa glavu yake, akaipulizia spiriti mara mbili, akarudi kwenye barua zake akiwa msafi kama malaika.

Sasa mtu huyohuyo aliyecheka naye kila asubuhi ndiye aliyekuwa mbele yake kwenye mistari ya daftari. Marselino akakumbuka mambo. Akikumbuka moja, linavuta la pili.

Akakumbuka kwamba mwezi uliopita Mzee Sayi alimuuliza kama lile friza kubwa lingeweza kumhifadhia chupa mbili za chanjo ya ng'ombe, siku tatu tu. Alimkatalia. Mzee alisema "haya" na kuondoka. "Haya" ile sasa ilianza kusikika vingine. Mtu anayekubali haraka hivyo amekubali nini?

Akakumbuka na maswali. Wiki ileile ya kwanza mzee alimuuliza ndani ya vile vichupa mna nini, na yeye, kwa kujionyesha, alimweleza habari ya barua, kofia na walinzi.

"Kwa hiyo huyo mlinzi wa seli," mzee aliuliza taratibu, "akimwona mwenye kofia, anampitisha?"

"Anampitisha, mzee."

"Hata hamuulizi anakotoka?"

"Haulizi."

"Mlinzi wa hovyo. Mwizi naye ana kofia."

Siku ile Marselino alicheka mpaka akashika meza. Sasa hakucheka. Mtu anayechambua namna walinzi wanavyopitwa anatafuta nini?

Akamweleza Dorika wakati wa chakula, wali na samaki kitoga, wakiwa kwenye benchi la nyuma.

"Anafungua friza," alinong'ona. "Anaweka chanjo zake. Barua zetu zinapata joto, zinakufa. Siku zake tu. Angalia daftari."

Dorika alitoa mwiba mdomoni. "Marse, friza liko ndani, ufunguo unao wewe na Dokta."

"Ndio maana nasema ni mjanja."

"Na akifungua, vichupa vyote viko sanduku moja. Joto litachagua cha Jumatano likiache cha Alhamisi?"

Swali lilikuwa zuri, na Marselino alilichukia kama watu wanavyoyachukia maswali mazuri. "Wewe subiri," alisema. "Nitamnasa."

Jumatano ya wiki ya pili alifika mapema, akatoa kichupa cha siku hiyo, akaubandika mlango wa friza utepe wa karatasi wenye saini yake, na chini sakafuni akanyunyiza unga wa mchele, safu nyembamba, ili mguu wa mwizi ujiandike wenyewe. Saa sita mchana akarudi. Utepe haujaguswa. Lakini kwenye unga, nyayo! Zimeenda, zimesimama, zimerudi. Akapiga magoti kuzichunguza, akapiga picha kwa simu, akamkimbilia Dorika.

"Ona! Kandambili. Soli imelika upande wa kisigino."

Dorika akatazama picha. Akatazama miguu ya Marselino, ambaye ndani ya maabara alivaa kandambili. "Inua mguu."

"Wa nini?"

"Inua tu, kaka."

Akainua. Dorika akaiona soli, imelika kisiginoni. Alirudi kwa seli zake mabega yakimtikisika. Marselino akakumbuka kwamba saa nne aliingia kuhakikisha unga haujapeperuka.

Mtu mwingine angeishia hapo. Marselino alisema: kwa hiyo haingii kwa miguu. Akawa mbaya zaidi. Mara alijikuta akiyafikiria mambo ambayo mtu wa maabara hayasemi kwa sauti, habari za dawa za huko ziwani, za mtu kukutazama tu maziwa yakakatika. Alijionea aibu, akayaweka pembeni, lakini hakuyatupa.

Na kesho yake, kusoma kichupa cha Jumatano ile ya unga, kikakutwa kinawaka. Jumatano! Siku ya Mzee Sayi! Ulikuwa mlango wa kutokea, mpana, uliofunguliwa kwa ajili yake. Usiku wa kuamkia siku ile umeme haukukatika, jenereta halikuwaka, hapakuwa na daftari la kusaini, na mzee hakufika mlangoni kabisa. Marselino aliliandika jambo hilo kwa mkono wake, "hakuna jenereta," kisha chini yake akaandika: "Mwizi ameogopa unga."

"Ameuonea wapi huo unga?" aliuliza Dorika.

"Ameambiwa."

"Na nani? Tunaojua ni wewe na mimi."

Marselino akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo adabu.

"Sawa," alisema Dorika, akichukua kikapu chake. "Nichunguze na mimi basi, nisijisikie mpweke. Kesho nina ndizi za Sanje, uzipekue kabla sijazila."

Wiki ya tatu ikaenda kama ya kwanza. Vichupa vikabaki vitatu, na mzigo mwingine ungechukua miezi kufika. Asubuhi alizidi kumkazia macho Mzee Sayi: mfuko wake wa rambo una nini, koti lake limetuna kwa nini, mbona leo ananukia moshi. Na huku anamkagua, salamu aliitoa kamili, mkono aliutoa mtupu, kwa tabasamu. Ungewaona ungesema baba na mwana.

Ijumaa jioni akaandika barua, ya karatasi hii, kwa Dokta Apolonia. Ukurasa mmoja na nusu. Alieleza siku, tarehe na giza, akaambatisha mistari yake, na mwisho akaomba mlinzi Sayi aondolewe getini "kwa hujuma au wizi wa kutumia friza la serikali," ingawa friza halikuwa la serikali. Aliona neno linapendeza.

Jumatatu saa mbili asubuhi Dokta Apolonia aliwaita wote watatu kwenye chumba cha kuchanganyia: Marselino, Dorika, na Mzee Sayi, aliyesimama kizingitini palepale pake.

"Ingia, mzee."

"Sijawahi kuingia humu, Dokta."

"Leo ingia. Mtu hasemwi akiwa nje."

Akaingia, kofia mkononi, daftari la jenereta kwapani. Dokta akaisoma barua yote, bila kupunguza wala kupaka asali. Kwenye neno "wizi" Marselino alitazama dari. Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati.

"Dokta," alisema Mzee Sayi mwishowe, "kazi ni kazi. Nikiikosa, nina jembe. Lakini mimi ni mtu wa kuja. Kule Katindiuka ng'ombe wa jirani akipotea, mguu wa kwanza unakuja kwangu. Miaka tisa wakifika naliwahi shati hili la ulinzi, nawaambia mimi ndiye ninayelindia watu vitu vyao, wanaondoka. Mkinivua shati kwa jina la wizi, wakija tena nitawaonyesha nini? Kifua?"

Marselino alijiambia wezi wote husema vizuri.

"Utepe uliouweka haukuwahi kubanduliwa?" Dokta alimuuliza.

"Hapana. Lakini namba hizi, Dokta. Siku zake saba kati ya nane..." akasita, akahesabu tena, "siku zake nane kati ya tisa ni giza. Za Steven sita zote ni mwanga. Hiyo si bahati."

"Si bahati, nakubali. Kuna kitu kinatokea siku zake. Tusibishane. Leo ni Jumatatu, zamu yake, na jenereta limewaka usiku. Fanya kazi yako kama siku zote. Na wewe mzee, nenda, kisha uje kama siku zote. Msibadilishe chochote. Sisi tutatazama."

Marselino alifurahi. Hiki ndicho alichokitaka: hadhira. Alikagua utepe, mzima. Akatoa kichupa, akakichomeka kwenye barafu. Akavaa glavu mpya, akazipulizia spiriti, akapanga vifaa vyake kwa madaha, kila kitu mahali pake.

Hodi. Mzee Sayi kizingitini, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee." Sauti ilimtoka ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka."

"Mwangaluka." Akavua glavu ya kulia, akaitundika kwenye ukingo wa meza, akampa mkono. Safari hii hapakuwa na ng'ombe wala mpunga, lakini mzee hakuupunguza mkono wake hata kidogo. Aliushika kwa kadiri ileile ya siku zote. Marselino akachukua kalamu, akasaini. Akaiokota glavu, akasokomeza vidole vyake ndani kwa kusaidiwa na mkono wa kushoto, akaivuta huku na huku mpaka ikakaa. Pulizo moja la spiriti. La pili. Akanyoosha mkono kukifungua kichupa.

"Simama hapohapo," alisema Dokta Apolonia.

Marselino akasimama, kidole kikiwa juu ya kifuniko.

Dorika alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Marselino, huwa unafanya hivi kila anapokuja?"

"Nifanye nini, Dokta? Nimpe mzee mpira?"

"Na Steven?"

"Steven namnyooshea kidole tu. Steven ni... Steven." Akaona uso wa Dokta. "Lakini napuliza spiriti! Mara mbili!"

"Spiriti inaua kilicho hai. Kwenye ngozi ya kila mmoja wetu, yangu, yako, ya Askofu, kuna kimeng'enya kinachokata RNA, yaani barua hizi. Jasho lina kimeng'enya hicho. Hakina uhai, kwa hiyo hukiui. Kinakaa juu ya glavu kinangoja. Umeishika glavu kwa nje na vidole vitupu, umeshika kalamu inayoshikwa na kila mtu, halafu unashika mdomo wa kichupa. Kofia ya barua inaisaidia ndani ya seli, huku nje haiisaidii kitu. Inakatwa vipandevipande kabla haijafika kwa msomaji."

"Glavu si za kunikinga mimi?" aliuliza Marselino, na yeye mwenyewe alilisikia swali lake likianguka chini kama sufuria.

"Hapa? Ni za kuikinga barua na wewe."

Miaka sita ya zahanati ikapita mbele yake, na glavu zake zote alizozifua.

Hata hivyo mtu aliyefunzwa na dunia hakubali kwa maneno. "Hayo ni maelezo, Dokta," alisema. "Tupime."

"Tutapima. Endelea na kichupa hicho, usibadilishe kitu. Dorika, vaa glavu, chukua cha pili. Msalimie mzee kwa mkono mtupu kama alivyofanya yeye, saini daftari, kisha tupa glavu zote, vaa mpya."

Dorika akamsalimia mzee, akamshika mkono kwa mikono yake miwili na kupiga goti kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Akatupa glavu, akavaa mpya kutoka kwenye boksi. Marselino aliitazama ile jozi ikitumbukia kwenye pipa ikiwa bado nzima, na roho ikamuuma kwa mazoea. Seli zilikuwa za kundi moja, friza lilelile, mlinzi yuleyule, asubuhi ileile. Dokta alisema saa saba zinatosha kuona kama kuna mwanga.

Ilikuwa siku ndefu. Mvua ilikatika, ikaja tena. Marselino hakula. Alipita getini mara mbili kwa visingizio, na mara zote mbili Mzee Sayi alinyanyuka kwenye kiti chake, kama anavyomnyanyukia kila anayepita, na mara zote mbili Marselino alikosa mahali pa kuweka macho. Alitumaini, na hili ndilo analolisimulia kwa aibu kuliko yote, kwamba vyote viwili vitakuwa giza. Kama vyote vikiwa giza, bado mwizi ni mzee, na yeye bado ana akili.

Saa kumi jioni wakaizunguka mashine. Mzee Sayi aliitwa, akasimama nyuma yao. Dokta akabonyeza. Namba za Dorika zikapanda, zikapita elfu, zikapita laki, zikaendelea. Za Marselino zikajikokota kidogo juu ya zile za seli zilizopewa maji matupu, zikakaa.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Marselino.

"Ni wewe," alisema Dorika. "Nyayo zilisema mapema."

Dokta Apolonia aliichukua ile barua ya ukurasa mmoja na nusu, akaichana mara nne, akampa Mzee Sayi vipande. "Zamu yako iko palepale, mzee. Na shati lako. Kichupa kimoja kimebaki, atakichanganya Dorika. Marselino, kwa mzee una neno?"

Alikuwa nalo, na lilitakiwa liwe moja tu. Lakini mtu wa utani akibanwa hukimbilia utani, na mwenye daftari hukimbilia daftari. Alisema samahani, mzee, nimekukosea sana. Angeishia hapo angekuwa mtu mzima. Akaendelea.

"Ila, mzee, tuwe wakweli. Hata wewe ungekuwa mimi ungeshuku. Namba hazidanganyi. Siku zako ndizo zilizokuwa giza. Nilikuwa na ushahidi."

Mzee Sayi alivipanga vile vipande vya karatasi, akavikunja, akaviweka kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo. Akavaa kofia yake.

"Ulikuwa nao," alisema. "Siku hizo zote, mwanangu, mlangoni tulikuwa wawili. Wewe ukamhesabu mmoja."